Padre Placidus a Spescha, Mpanda Milima wa Surselva

1. Bonde la Surselva

Katikati ya bara la Ulaya iko nchi ndogo iitwayo Uswisi, na upande wake wa mashariki liko jimbo lenye milima mingi, jina lake Graubünden. Ndani ya jimbo hilo liko bonde refu ambalo wenyeji huliita Surselva. Maana ya jina hilo ni Juu ya Msitu, kwa kuwa msafiri atokaye mji wa Chur akifuata mto kwenda juu, hana budi kuupita kwanza msitu mkubwa wa Flims, ndipo afike katika bonde lenyewe.

Chini bondeni unapita mto uitwao Rhine wa Mbele. Mto huo hutoka katika ziwa dogo lililo juu milimani, liitwalo Lai da Tuma. Huko mwanzo ni kijito tu, hata mtoto aweza kukiruka. Lakini huendelea kupokea maji ya mabonde mengine, kisha hukutana na mto mwenziwe, Rhine wa Nyuma, na yote miwili huwa mto mmoja mkubwa unaopita nchi kadhaa mpaka kufika katika Bahari ya Kaskazini.

Pande zote mbili za bonde imesimama milima mirefu, mingi yao yapita mita 3,000. Wakati wa baridi theluji hufunika vijiji na njia, na mara nyingine huporomoka kutoka juu kwa kishindo kikubwa, ikavunja nyumba na kuua watu na mifugo. Wakati wa joto theluji ya chini huyeyuka, majani huota, na wachungaji hupandisha ng'ombe na mbuzi wao kwenye malisho ya juu. Lakini juu kabisa barafu haiyeyuki haraka. Hukaa mwaka baada ya mwaka, ikajaa mabondeni na kuteremka polepole sana kama mto mzito.

Watu wengi wa Surselva husema lugha iitwayo Kiromanshi. Lugha hiyo ilitokana na Kilatini, lugha ya Warumi walioiteka milima hiyo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Majirani zao wengi husema Kijerumani au Kiitaliano, bali wao wamehifadhi lugha ya mababu zao mpaka leo.

Kuhusu utawala, bonde hilo limebadilishwa mara nyingi. Kwa muda mrefu palikuwa na wilaya mbili, Vorderrhein na Glenner. Mwaka wa 2001 ikaundwa wilaya moja iliyoitwa Surselva, na makao yake yalikuwa katika mji wa Ilanz. Wilaya hiyo nayo haikudumu, kwa maana mwanzo wa mwaka wa 2016 wilaya zote za Graubünden ziliondolewa, na mahali pake pakawekwa mikoa. Basi mipaka ya karatasini huandikwa na kufutwa. Haya ni maisha ya mtu mmoja wa bonde hilo, aliyejulisha watu milima na mito yake, vitu visivyofutwa na serikali yo yote.

2. Utoto na masomo

Placidus a Spescha alizaliwa tarehe 8 Desemba, mwaka wa 1752, katika kijiji cha Trun. Kijiji hicho kina sifa katika historia ya nchi ile, kwa sababu mwaka wa 1424 wakuu wa bonde pamoja na wajumbe wa wananchi walikutana hapo chini ya mti mkubwa, wakaapa kusaidiana na kulinda amani na haki. Agano lao liliitwa Umoja wa Kijivu, na jina la jimbo la Graubünden limetokana nalo.

Jamaa yake walikuwa wakulima. Katika nyumba za wakulima wa Surselva watoto hawakukaa bure; walichunga, walikusanya majani makavu ya mifugo kwa ajili ya miezi ya baridi, walichota maji na kupasua kuni. Mtoto wa namna hiyo hujifunza mapema kujua dalili za mvua, mahali penye mawe yasiyo imara, na njia za wanyama. Spescha alikua katika mazingira hayo, na elimu ile ya kwanza, isiyoandikwa kitabuni, ilimfaa maisha yake yote.

Mwaka wa 1774 alijiunga na monasteri ya Disentis, iliyo juu zaidi katika bonde lile lile. Monasteri hiyo ilianzishwa katika karne ya 8, nayo ni ya watawa wa Mtakatifu Benedikto. Watawa wa kanuni hiyo hiyo ndio walioanzisha misheni za Peramiho, mwaka wa 1898, na Ndanda, mwaka wa 1906, katika nchi ya Tanzania ya leo. Kanuni yao huwaagiza kusali na kufanya kazi, nao tangu kale wamependa vitabu. Kijana yule alipewa jina jipya, Placidus, ambalo ni jina la mmoja wa watakatifu wawili wanaoheshimiwa sana mahali pale.

Wakubwa wake waliona kwamba ana akili nyepesi, wakampeleka katika monasteri kubwa ya Einsiedeln apate elimu zaidi. Huko alisoma mambo ya dini, na pamoja nayo akasoma habari za mawe, mimea na nchi. Mwaka wa 1782 akarudi Disentis, naye sasa ni padre. Alikuwa na umri wa karibu miaka 30, mwenye nguvu mwilini, na moyoni mwake hamu kubwa ya kuijua nchi yake jinsi ilivyo.

3. Kazi ya milimani

Zamani zile watu wachache sana walipanda milima ya theluji. Wawindaji walipanda kumfuata paa wa milimani, na wengine walipanda kutafuta mawe ya bilauri, yang'aayo kama kioo, wapate kuyauza. Walipokwisha kupata walichokitaka walirudi. Kilele chenyewe hakikuwa na nyama wala bilauri, basi hawakuona sababu ya kukifikia. Hata ramani za siku zile hazikuwa sahihi. Wachoraji waliweka milima mahali isipokuwapo, na mito waliipitisha kwa kukisia tu, kwa kuwa hakuna aliyekwenda kutazama.

Padre Placidus alitaka kwenda kutazama kwa macho yake. Aliona kwamba mtu asimamaye juu ya kilele kirefu aweza kuona mara moja mambo ambayo mtu wa bondeni hawezi kuyajua kwa mwaka mzima: mlima gani wafuata mlima gani, mto gani watoka katika barafu gani, na bonde gani lafungua njia kwenda upande wa pili. Kwa hiyo alipanda, akatazama, akarudi, akaandika habari na kuchora ramani.

Mwaka ule ule wa 1782 alipanda mlima Scopi, ulio karibu na njia ya Lukmanier. Mwaka wa 1789 akafanya safari kubwa zaidi, kwenda mlima Rheinwaldhorn, ambao kwa Kiromanshi huitwa Piz Valrhein. Mlima huo una urefu wa mita 3,402, na katika barafu zake ndimo yatokamo maji ya Rhine wa Nyuma. Palikuwa na wenzake katika safari ile, lakini si wote walioweza kuvumilia. Wengine walibaki nyuma, naye akaendelea mpaka akafika kileleni. Hakuna mtu ajulikanaye kufika hapo kabla yake.

Mwaka wa 1792 alipanda Piz Tgietschen, ambao Wajerumani huuita Oberalpstock, na mwaka wa 1793 akapanda Piz Urlaun. Milima hiyo miwili yapita mita 3,300 kila mmoja, na kila mmoja yeye alikuwa wa kwanza kuupanda.

Kazi hiyo ilikuwa na hatari nyingi. Barafu ya milimani ina nyufa ndefu, zenye kina kikubwa, na mara nyingi theluji mpya huzifunika zisionekane. Mtu akikanyaga hapo huzama mara moja. Jua likipiga juu ya theluji, mwanga wake huumiza macho hata mtu asione kwa siku kadhaa. Ukungu huweza kushuka ghafula na kuficha njia ya kurudi. Mchana mawe hulegea kwa joto na kuanguka. Padre Placidus hakuwa na vifaa bora walivyo navyo wapandaji wa siku hizi. Tegemeo lake lilikuwa miguu yake, macho yake, na ile elimu ya wachungaji na wawindaji, ambao hakuona haya kuwauliza.

Njiani alikusanya mawe ya namna namna, hasa bilauri, akayapanga na kuandika habari zake. Kidogo kidogo alipata hazina kubwa ya mawe, vitabu, maandiko na ramani. Kazi ya miaka mingi ikawekwa katika monasteri ya Disentis.

Si watawa wote waliopendezwa na jambo hilo. Baadhi ya wenzake na wakubwa wake walimwona kuwa mtu wa fikra ngeni, apendaye mno mambo mapya ya wakati ule. Na kwa kweli wao nao walikuwa na sababu zao, maana mtawa ameahidi kutii na kukaa pamoja na ndugu zake, wala si kazi yake ya kila siku kulala chini ya mawe karibu na barafu. Shaka hiyo ilimfuata maisha yake yote. Hata hivyo hakuacha utawa, wala hakuacha milima.

4. Moto wa mwaka wa 1799

Wakati huo Ulaya ilijaa vita. Wafaransa walikuwa wamempindua mfalme wao, na majeshi yao yalikuwa yakipigana na majeshi ya Austria. Graubünden ilikuwa bado nchi ya peke yake, yenye umoja wa makundi matatu, lakini njia zake za milimani zilitamaniwa na pande zote mbili, kwa kuwa zilikwenda Italia. Basi nchi ndogo ikawa uwanja wa vita vya wakubwa. Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi.

Mwezi wa Machi mwaka wa 1799 majeshi ya Kifaransa yaliingia Surselva. Askari walitaka fedha, chakula na mali, na monasteri ya Disentis haikusalimika. Katika siku hizo Wafaransa waliichukua ile hazina ya mawe ya bilauri aliyoikusanya Padre Placidus. Mawe aliyoyabeba kutoka milimani kwa mikono yake mwenyewe yakachukuliwa na watu wasioijua hata milima yenyewe.

Lakini hilo halikuwa baya kuliko yote. Mwanzo wa mwezi wa Mei wakulima wa Surselva, kwa uchungu wa kuonewa, waliinuka kwa silaha juu ya Wafaransa. Huko Disentis waliwaua askari wengi walioshikwa. Wafaransa wakarudi kwa nguvu kulipiza kisasi. Tarehe 6 Mei, mwaka wa 1799, wakakichoma moto kijiji cha Disentis pamoja na monasteri.

Monasteri ile ilikuwa imetunza vitabu na maandiko kwa karne nyingi. Moto ukayala kwa muda mfupi. Humo yakaungua pia maandiko na ramani za Padre Placidus. Alikuwa na umri wa miaka 46, na kazi yake ya miaka 17 ikawa majivu.

Baada ya Wafaransa wakaja Waaustria, na hao nao wakamwona kuwa mtu wa kutiliwa shaka. Walidhani kwamba anawapendelea Wafaransa, kwa sababu ilijulikana kwamba baadhi ya mawazo mapya ya uhuru yalimpendeza. Hivyo mtu yule ambaye Wafaransa walimnyang'anya mali yake alikamatwa na adui wa Wafaransa. Wakamchukua pamoja na watu wengine mpaka mji wa Innsbruck, katika nchi ya Tirol, akawekwa huko mbali na kwao. Hakuachiwa kurudi mpaka mwaka wa 1801.

Mtu mwingine angekata tamaa. Angesema moyoni kwamba amekwisha kufanya sehemu yake, na kwamba hana haja ya kuanza upya kazi ambayo cheche moja yaweza kuiharibu tena. Padre Placidus hakufikiri hivyo. Hata katika Innsbruck aliendelea kusoma na kujifunza, akingoja siku ya kurudi.

5. Kuanza tena

Aliporudi Surselva alikuwa karibu na miaka 50. Alikuta kijiji na monasteri vimeungua, watu maskini, na kazi yake imepotea. Vitabu vyaweza kuungua, lakini milima ilikuwa ingali imesimama mahali pake, na mambo aliyoyaona yalikuwa yangali kichwani mwake. Akaanza tena.

Mwaka ule ule wa 1801 alipanda mlima Piz Aul. Mwaka wa 1802 akapanda Piz Terri, na mwaka wa 1806 Güferhorn, ulio jirani na Rheinwaldhorn. Usiku na siku za baridi aliandika. Aliandika habari za safari zake, za milima na mabonde, za mawe, za desturi za watu na historia ya nchi yake. Mambo yaliyoungua aliyaandika upya kwa kuyakumbuka, na mengine aliyaongeza.

Kwa miaka hiyo alitumwa kuhudumu kama padre katika vijiji mbalimbali vya bonde. Alibatiza watoto, alizika wafu, alisoma misa katika makanisa madogo yaliyo karibu na theluji. Hivyo alikaa pamoja na wakulima na wachungaji, akayajua maisha yao.

Jambo jingine lililomshughulisha ni lugha yake. Kiromanshi hakikuandikwa kwa namna moja. Watu wa Surselva waliandika kwa namna yao, na watu wa mabonde mengine, kama Engadin, waliandika kwa namna nyingine, hata kitabu cha bonde moja kilikuwa kigumu kusomwa katika bonde jingine. Watu walikuwa wachache, na uchache wao ukagawanyika tena. Padre Placidus aliona kwamba lugha ndogo ikigawanyika hivyo yaweza kumezwa na lugha kubwa zilizo jirani. Basi akashauri kwamba pawe na namna moja ya kuandika Kiromanshi kwa watu wote. Yeye alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kujaribu jambo hilo. Wakati wake halikufanikiwa, kwa kuwa kila bonde lilipenda usemi wake na vitabu vyake.

6. Mlima wa Tödi

Katika milima yote ya sehemu zile, mrefu kuliko yote ni Tödi. Kilele chake cha juu kabisa huitwa Piz Russein, nacho chapita mita 3,600. Mlima huo umesimama katikati ya Surselva na jimbo la Glarus, na pande zake zimejaa barafu na kuta za mawe.

Tangu alipokuwa kijana Padre Placidus aliutamani mlima huo. Mwaka wa 1788 alikwenda kuujaribu, akashindwa kufika kileleni. Baada ya hapo alirudi mara kadhaa, na kila mara kulikuwa na kizuizi: mara hewa ilibadilika, mara njia ilikatika mbele ya ukuta wa mawe usiopandika. Lakini kila aliporudi nyuma alikuwa amejua jambo moja zaidi. Alijua upande upi haufai, na barafu ipi yaweza kuvukwa. Miaka ikapita, nywele zikawa nyeupe, na Tödi ulikuwa haujakanyagwa na mtu.

Hata mwaka wa 1824, alipokuwa na miaka 71, akaazimia kwenda tena. Katika umri huo wazee wengi hukaa karibu na moto, na hakuna awalaumuye. Yeye akapanda kwenye malisho ya Russein pamoja na mtumishi wake na wawindaji wawili wa nchi ile, Placi Curschellas wa Trun na Augustin Bisquolm wa Disentis.

Tarehe 1 Septemba, mwaka wa 1824, wakaanza kupanda. Mzee alikwenda kwa hatua zake, akapanda mawe, akapita theluji, mpaka akafika kwenye pengo lililo katikati ya vilele, yapata mita 3,350 juu ya usawa wa bahari. Hapo nguvu zake zikakoma. Kilele kilikuwa mbele yake, na urefu uliobaki haukupata mita 300. Kwa kijana ni safari ndogo. Kwa mzee wa miaka 71, baada ya kupanda muda mrefu hivyo, ilikuwa zaidi ya uwezo wake.

Hapo alikuwa na mambo mawili ya kuchagua. Angaliweza kuwazuia wale wawindaji na kuwarudisha wote chini, ili mtu mwingine asipate sifa aliyoitafuta yeye kwa miaka 36. Au angaliweza kujilazimisha, akajiponza mwenyewe na kuwaponza wenzake. Hakufanya hata moja. Alikaa katika lile pengo pamoja na mtumishi wake, akawaacha wawindaji waende mbele.

Curschellas na Bisquolm wakaenda. Mzee akawafuata kwa macho walipokuwa wakipanda, mpaka akawaona wamesimama juu ya kilele cha Piz Russein, watu wa kwanza kufika huko. Kisha wakashuka salama wakakutana naye, wote wakarudi pamoja.

Padre Placidus aliandika habari za siku ile wala hakuificha kweli. Hakujidai kwamba alifika. Aliwapa wawindaji heshima yao, na majina yao yanajulikana mpaka leo.

7. Mwisho wake, na mambo yaliyofuata

Miaka yake ya mwisho aliikaa Trun, katika kijiji alichozaliwa. Alifariki huko mwaka wa 1833, akiwa na miaka 80. Hakuwa tajiri, na sehemu kubwa ya maandiko yake ilikuwa haijachapwa. Watu waliomwona akizikwa wangeweza kudhani kwamba kazi yake imezikwa pamoja naye.

Haikuwa hivyo. Mwaka wa 1863, miaka 30 baada ya kufa kwake, wapanda milima wa Uswisi walianzisha chama chao, na mahali pa kwanza walipochagua kwenda kuchunguza palikuwa sehemu za Tödi. Mwaka huo huo walijenga juu ya mlima ule kibanda cha kulala wasafiri, cha kwanza katika vibanda vyote vya chama hicho. Mwaka wa 1913 maandiko ya Padre Placidus yalikusanywa, yakachapwa katika kitabu kimoja kikubwa pamoja na habari za maisha yake. Ndipo watu wengi walipotambua kwamba, zamani kabla ya kuwako chama cho chote, padre mmoja mtoto wa mkulima alikuwa amekwisha kutangulia.

Lugha yake nayo haikufa. Mwaka wa 1938 wananchi wa Uswisi walipiga kura, wakakubali kwa wingi mkubwa Kiromanshi kiwe lugha ya taifa ya nne, pamoja na Kijerumani, Kifaransa na Kiitaliano. Na mwaka wa 1982 ilitungwa namna moja ya kuandika Kiromanshi kwa mabonde yote. Hata sasa si wote wanaoipenda, lakini wazo lenyewe ni lile ambalo Padre Placidus alilifikiri mwanzoni mwa karne ya 19.

Na lile pengo alipokaa mzee kuwatazama wenzake? Leo huitwa Porta da Spescha, maana yake Mlango wa Spescha. Hakufika kileleni, na kilele hakikupewa jina lake. Lakini mlango ni mahali pa kupitia, na jina hilo lamfaa sana, kwa kuwa aliwafungulia wengine njia. Wilaya za Surselva zimeundwa na kuondolewa, na majina yake yamebaki katika vitabu vya serikali. Jina la Spescha liko bado mlimani, na apandaye Tödi kutoka upande wa Surselva hulikuta kabla hajakiona kilele kwa karibu.

Maswali

1. Kwa nini bonde la Surselva liliitwa kwa jina hilo?
2. Wawindaji na watafuta bilauri walipanda milima kwa sababu gani? Padre Placidus alipanda kwa sababu gani?
3. Eleza mambo mawili mabaya yaliyompata mwaka wa 1799 kwa mikono ya Wafaransa, na moja kwa mikono ya Waaustria.
4. Kwa nini alitaka Kiromanshi kiandikwe kwa namna moja?
5. Siku ya tarehe 1 Septemba, mwaka wa 1824, Padre Placidus alishindwa au alishinda? Eleza kwa maneno yako mwenyewe.
6. Taja mlima, mto au kilima kilicho karibu na shule yenu. Waulize wazee maana ya jina lake, kisha andika habari zake.